Klorini katika maji ya nyumbani Lamu: mtungi, birika na kisima, hatua kwa hatua

Kila masika yakikaribia maswali huwa yale yale. Nitie vifuniko vingapi? Jik, ile dawa ya kufulia nguo nyeupe, inafaa kwa maji ya kunywa? Mbona nimetia dawa na watoto bado wanaumwa na matumbo? Na samaki wa birika, lile tangi la kujengwa la kuhifadhia maji, je?

Jibu la karibu maswali yote ni moja: watu hutia klorini kwa kukisia, huitia juu ya uchafu, kisha hawangoji. Hayo matatu ukiyarekebisha, umemaliza sehemu kubwa ya kazi. Mwongozo huu ni wa nyumba ya Lamu inayotumia maji ya kisima, ya mvua au ya mtungi uliobebwa na punda. Wa Malindi pia ataufuata bila kubadilisha kitu.

Nadharia kidogo, kisha kazi

Klorini ni ya jamii ya halojeni, kundi la 17 katika jedwali la elementi, pamoja na florini, bromini, iodini na astatini. Katika joto la kawaida florini na klorini ni gesi, bromini ni majimaji mekundu ya kahawia, na iodini ni yabisi nyeusi inayotoa mvuke wa zambarau. Zote zina elektroni 7 katika tabaka la nje na zimepungukiwa na 1, kwa hiyo huinyang'anya kwa chochote zinachokutana nacho. Florini ndiyo kali kuliko zote, hata haifai kushikwa nyumbani. Iodini ni pole kiasi cha kupakwa kwenye kidonda. Klorini iko katikati: ina nguvu ya kuua vijidudu, na kwa kipimo kidogo haimdhuru anayekunywa.

Kuna mambo mawili ya kushika hapa. La kwanza, klorini haichagui. Hushambulia kijidudu, na hushambulia vile vile tope, jani lililooza, ukoga wa ukutani na kinyesi cha ndege. Maji yakiwa machafu, dawa huishia kwenye uchafu kabla haijafika kwa kijidudu. La pili, klorini ikishapata elektroni yake hugeuka kloridi, ile iliyomo katika chumvi ya jikoni, na hapo haina kazi tena. Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 19 za kloridi. Ndiyo maana chumvi ya maji ya kisima haiyafanyi kuwa salama, na ndiyo maana klorini haitayafanya matamu. Anayekuuzia dawa ya kuondoa chumvi kwa klorini anakudanganya.

Utakavyohitaji

- Dawa yenyewe, mojawapo kati ya hizi: dawa ya maji ya chupa kama WaterGuard (asilimia 1.2), vidonge vya maji vya miligramu 67, Jik ya kawaida ya asilimia 3.5, au poda ya klorini ya asilimia 65 hadi 70 kwa birika, tangi na kisima.
- Bomba la sindano la mililita 5, jipya, bila sindano yake. Lipo kila duka la dawa na bei yake ni ndogo. Kwa Jik, usianze bila hili.
- Kanga ya pamba, ya zamani na safi.
- Mtungi wa lita 20 wenye kifuniko, na ndoo moja ya plastiki ya kazi hii peke yake.
- Saa.
- Kwa kisima na birika: kamba ndefu, futi ya fundi, mizani ya jikoni, glavu za mpira, barakoa, na nguo usiyoionea uchungu. Tone moja la dawa kwenye kanga nyeusi huacha doa lisilotoka.

Soma lebo kabla ya kulipa. Jik yenye manukato au rangi ni ya sakafu na nguo, haifai kwa maji ya kunywa. Vidonge vya mabwawa ya kuogelea, ambavyo wakati mwingine hutoka hotelini na kupewa jirani kwa nia njema, navyo havifai. Tazama pia tarehe. Klorini ya maji huisha nguvu kwa joto na mwanga, na sisi tuna vyote viwili mwaka mzima. Chupa iliyokaa dirishani tangu kaskazi iliyopita, usiitegemee.

Hatari ambazo sharti uzijue kabla ya kufungua chupa

Usichanganye klorini ya chupa wala ya poda na siki, ndimu, wala dawa ya kusafishia choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumiwa kama silaha Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Usiichanganye na amonia. Vyoo vyetu vya mji wa kale ni vidogo na vina madirisha machache, gesi haina pa kutokea. Mtu akiivuta, mtoe nje kwenye hewa mara moja. Yakiwa macho, yaoshe kwa maji safi yanayomiminika kwa dakika 15. Akikohoa bila kukoma au kifua kikimbana, mpeleke hospitali.

Poda ina hatari yake. Tia poda kwenye maji, usimimine maji juu ya poda. Iweke mbali na mafuta ya taa, mafuta ya kupikia, sukari na vitambaa, kwani ikigusana navyo huweza kuwaka moto bila kiberiti.

Mtungi wa lita 20, kazi ya kila siku

1. Osha mtungi kwanza. Mkono usipoingia, tia mchanga safi kidogo, sabuni na maji, tikisa kwa nguvu, mwaga, suuza hadi povu liishe. Ule utelezi wa ndani ndio makao ya vijidudu, na ndio utakaokula dawa yako.

2. Acha maji yatulie, kisha yachuje kwa kanga iliyokunjwa mara nne. Kanga ya zamani huchuja vizuri kuliko mpya kwa sababu nyuzi zake zimelegea na kubanana. Si ushauri wa bibi tu. Katika vijiji vya Bangladesh, utafiti wa Rita Colwell na wenzake uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kuchuja kwa sari ya zamani iliyokunjwa kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Kwetu kanga hufanya kazi hiyo. Baada ya kuchuja, ifue na kuianika juani.

3. Pima dawa. Kwa maji maangavu ya lita 20:
   - WaterGuard: kifuniko 1.
   - Kidonge cha miligramu 67: kimoja.
   - Jik ya asilimia 3.5 isiyo na manukato: mililita 1 kwa bomba la sindano.

   Maji yakiwa bado yana ukungu hata baada ya kuchujwa, ongeza mara mbili. Lebo ya chupa yako ikisema tofauti, fuata lebo, kwani vifuniko havilingani. Usikitoe kifuniko cha WaterGuard ukapimia Jik. Jik ina nguvu karibu mara tatu.

4. Funga, tikisa, kisha legeza kifuniko kidogo umwage maji machache yapite kwenye nyuzi za mdomo wa mtungi. Hapo ndipo mikono yote hushika.

5. Ngoja dakika 30 kwa saa. Maji yenye ukungu, ngoja saa nzima. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Watoto wamerudi chuoni wana kiu, mtungi upo, mtu anamimina. Tibu maji ya leo jana usiku na haraka hiyo itaondoka.

6. Nusa. Harufu hafifu ya dawa ni habari njema: maana yake klorini imemaliza uchafu na imebaki kidogo ya kulinda maji. Kiasi kinachotakiwa kubaki ni kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita, na Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 5, kwa hiyo harufu hafifu isikutishe. Kama hakuna harufu kabisa, rudia kipimo kile kile na ungoje tena dakika 30. Bado hakuna? Maji hayo yana uchafu mwingi mno, yachemshe.

7. Yatumie ndani ya siku moja. Mimina au tumia bomba la chini. Ukichota kwa kata, iwe na mpini mrefu na itundikwe, isilazwe sakafuni. Mkono ukiingia mtungini umeanza upya.

Wenye kuchukia ladha ya dawa hukamua ndimu. Hakuna ubaya, lakini baada ya dakika 30, tena kwenye gilasi. Vitamini C iliyo ndani ya ndimu huimaliza klorini papo hapo, kwa hiyo ukiitanguliza utakunywa maji yenye ladha nzuri na vijidudu vizima.

Birika na tangi

Hapa ndipo klorini hutumiwa ovyo zaidi, kwa sababu birika ni kubwa na mtu huona aibu kutia kidogo.

1. Watoe samaki kwanza. Mabirika mengi ya nyumba za kale na misikiti yana samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, na ni utaratibu wenye akili kubwa. Baadhi yake yamejengewa bakuli la kauri chini ili samaki wapate maji birika linaposafishwa. Bakuli hilo halitawaokoa na klorini. Wahamishie kwenye ndoo ya maji yale yale ya birika, uiweke kivulini. Birika la msikiti usiliguse bila idhini ya wanaolisimamia.

2. Toa maji yote, sugua kuta na sakafu kwa brashi na maji matupu, ondoa tope lote la chini. Kuta za chokaa zisikwanguliwe kwa chuma, zitapasuka na kuvuja.

3. Jua ujazo. Birika la pembe nne: urefu kwa upana kwa kina, vyote kwa mita, zidisha kwa 1000, utapata lita. Kwa mfano mita 2 kwa 1.5 kwa 1 ni lita 3,000.

4. Lijaze robo. Pima gramu 80 za poda kwa kila lita 1,000 za ujazo wote, zikoroge kwenye ndoo ya maji, mimina, kisha jaza birika hadi juu. Birika la mfano wetu litachukua gramu 240. Huna poda? Lita moja na nusu ya Jik kwa kila lita 1,000 itafanya kazi hiyo.

5. Funika na uache saa 24. Ukiwa na haraka, ongeza poda mara mbili na uache saa 8. Waambie wote wa nyumbani, na uweke alama. Mgeni anayetaka kutawadha hajui.

6. Maji hayo si ya kunywa wala ya bustani. Yamwage polepole, mbali na miti na mbali na mfereji unaoteremka moja kwa moja baharini, au yaache wazi juani siku kadhaa hadi harufu iishe. Suuza, jaza upya.

7. Samaki wasirudi mpaka maji mapya yawe hayana harufu yoyote. Rudisha wawili kwanza, watazame siku nzima, kisha waliobaki.

Birika lenye samaki halitiwi klorini kila siku. Maji yake ya kunywa hutibiwa kwenye mtungi. Hivyo hivyo kwa majabia, yale mabwawa ya kukusanyia maji ya mvua, ya Pate, Faza na Kizingitini: ni ya kijiji, ni makubwa, yako wazi, na dawa ya kutosha ni kazi ya kijiji pamoja na afisa wa afya. Wewe tibu ulichochota.

Kisima

Kisima hutiwa klorini kwa sababu maalumu: mafuriko yameingia, mnyama ametumbukia, kimechimbuliwa upya, au maradhi yamezuka mtaani. Si kazi ya kila wiki.

1. Fukuza kwanza kinacholeta uchafu: kinyesi cha punda kando, ndoo inayolazwa chini, kamba iliyooza, mdomo usio na kifuniko. Ziba nyufa za ukingo.

2. Pima. Teremsha kamba yenye jiwe hadi chini, ivute, pima sehemu iliyolowa: hicho ndicho kina cha maji. Pima upana wa kisima. Kwa kisima cha duara, upana kwa upana kwa kina, kisha mara 785, ni lita. Upana wa mita 1.2 na maji ya mita 2 hutoa takriban lita 2,260.

3. Gramu 150 za poda kwa kila lita 1,000. Kwa mfano huo ni karibu gramu 340. Kwa Jik ni lita 3 kwa kila lita 1,000. Koroga poda kwenye ndoo ya maji, acha masimbi meupe yatulie, tumia maji ya juu.

4. Mimina ukizungusha ukutani pande zote. Kisha chota na kurudisha mara nyingi ili dawa ichanganyike na kuta zioshwe. Usiteremke. Gesi ya klorini ni nzito kuliko hewa karibu mara 2.5, hukaa chini.

5. Funika, acha saa 12 au zaidi, usiku ndio mzuri.

6. Chota hadi harufu ibaki hafifu. Hapa Lamu nakuomba sana uende polepole. Maji matamu ya kisiwa, yawe ya vilima vya mchanga vya Shela au ya chini ya mji, yanaelea juu ya maji ya chumvi. Ukitia pampu kubwa ukakausha kisima kwa saa moja, maji ya chumvi hupanda kujaza nafasi, na kisima huweza kukaa na chumvi kwa muda mrefu. Chota, pumzisha, chota tena, hata kama kazi itachukua siku mbili.

7. Endelea kutibu maji kwenye mtungi. Maji ya ardhini yanatembea. Kama shimo la choo liko karibu, kisima kilichosafishwa Ijumaa chaweza kuwa na vijidudu Jumanne, na dawa iliyomo imeshaondoka.

Jamaa wengine wa klorini utakaokutana nao

Iodini ya kidonda ya asilimia 2 hutibu maji wakati wa dharura: matone 5 kwa lita ya maji maangavu, 10 kwa yenye ukungu, dakika 30. Yafaa kuwemo kwenye sanduku la mashua. Isitumiwe na mjamzito wala mwenye maradhi ya tezi la shingo, na isiwe ya wiki nyingi. Chumvi ya Kenya hutiwa iodini kwa sheria ili kuzuia rovu. Iweke kwenye chombo kilichofunikwa, kwani unyevu wa pwani huipunguza. Floridi imo kwenye dawa ya meno: mtoto wa chini ya miaka 3 apakwe kidogo mno, ukubwa wa punje ya mchele. Iliyozidi majini, kama katika visima vya Bonde la Ufa, huharibu meno na mifupa, na klorini haiiondoi.

Mambo yakienda kombo

*Maji yananuka dawa kali sana.* Umezidisha, au maji yana mkojo na uchafu wa choo: klorini ikiungana na amonia hutoa harufu kali ya bwawa la kuogelea. Tazama kipimo chako. Kama kilikuwa sawa, shuku kisima. Ukizidisha kwenye mtungi, yamimine kwenye sufuria pana, yaache wazi saa chache.

*Tumbo linaendelea kuuma ingawa harufu ipo.* Kuna vijidudu ambavyo klorini ya kipimo hiki haiviui, hasa kriptosporidiamu. Kwa mtoto mchanga na kwa mgonjwa aliyedhoofika, chemsha hadi yatokote. Angalia pia vikombe na mikono.

*Dawa haibaki hata nikizidisha.* Chupa imekufa, au mtungi una utelezi ndani. Jaribu chupa mpya kwenye mtungi mpya kabla ya kulaumu kisima.

*Maji yamegeuka kahawia baada ya kutia klorini.* Yana chuma. Klorini imekigeuza kutu, nayo huonekana. Acha yatulie usiku mmoja, yachuje kwa kanga, kisha tia kipimo kingine, kwani cha kwanza kimetumika. Kisima kikiendelea hivyo kila mara, au kikirudia kuchafuka mwezi kwa mwezi, peleka chupa ya maji kwa afisa wa afya ya umma yapimwe vijidudu vya kinyesi. Vikipatikana, ni ukuta wa kisima au shimo la choo linalotaka fundi, si poda zaidi.